BATI HALIZUII RISASI

Leo hatutasema juu ya uji wa mtoto wala juu ya kuhara. Tutasema juu ya bati la nyumba, na namna gani linafanya wakati risasi inalipiga.

Mama mmoja alituletea mtoto wake mwenye kidonda cha mkono. Akaniambia: «Nilisikia masasi, nikafunga mlango wa bati, nikaketisha watoto nyuma yake.» Aliwapenda watoto wake sana, lakini alitumainia kitu kisicho na nguvu.

Fikiri lile kopo tunalotoboa kwa msumari ili kukunia mihogo. Upande msumari unapoingia, bati linabonyea tu. Upande unapotokea, linapasuka na kufanya meno. Risasi inafanya vilevile. Bati linabonyea, linavutika, halafu linapasuka, na meno yake yanaelekea kule risasi inakokwenda. Ukiona meno ndani ya nyumba, ujue risasi ilitoka inje.

Bati la nyumba zetu mara nyingi halifiki hata nusu ya milimeta. Risasi ya kalashnikov inatoka katika bunduki kwa mbio ya metre 700 hivi kwa sekunde moja. Jiwe la mtoto linakwenda polepole, kwa hiyo bati linapata wakati wa kubonyea na kulirudisha. Risasi haingoji. Inapita, na pembeni ya tundu bati linabonyea kidogo tu. Basi usiseme: «Tundu ni dogo, risasi ilikuwa imechoka.» Hapana! Tundu dogo lisilobonyea sana pembeni ni alama ya mbio nyingi. Kwa bati jembamba namna hii risasi inapoteza nguvu kidogo tu. Tena pengine inatokea ikiyumba, na inaweza kuingia mwilini kwa ubavu na kupasua zaidi.

Sasa mama, ufanye nini?

1. Ukisikia masasi, laza watoto chini kabisa, nyuma ya ukuta mnene wa mawe au mifuko ya udongo iliyopangwa. Mlango, dirisha, na chini ya kitanda si kinga.

2. Usisimame kuchungulia.

3. Siku ya sikukuu watu wakipiga bunduki juu, ingiza watoto ndani. Risasi inayopanda lazima ishuke, na ikishuka inaweza kuua. Hata ndani, wasikae chini ya bati tupu kama kuna chumba chenye dari nzito.

4. Mtu akipigwa, kandamiza kidonda kwa kitambaa safi, kwa nguvu, bila kuachilia. Kumbuka kopo: tazama pia upande wa pili wa mwili, pengine kuna tundu lingine. Usichokoe risasi. Usitie majani, majivu wala mavi ya ng'ombe. Mlete hospitali upesi.

5. Vita ikipita, pondaponda meno ya bati kwa nyundo, sababu yanakata mikono ya watoto. Aliyekatwa, osha kidonda kwa maji na sabuni, umlete tutazame kama amepata chanjo ya pepopunda. Na wewe mwenye mimba, usikose sindano yako.

Bati linatuzuilia mvua, na kwa kazi hiyo tunalishukuru. Lakini risasi, mama, haliwezi. Ukifika nyumbani leo, tazama nyumba yako, uchague pahali pa kulaza watoto mbele ya siku ya hatari, na uwaonyeshe.