Eli Alidhani Hana Amelewa

Tusome Waamuzi 13:2-14 na 1 Samweli 1:9-18.

Malaika alimkataza mke wa Manoa divai na kileo kabla hata tumbo halijaonekana. Leo waganga wanashuhudia jambo hilohilo: pombe anayokunywa mama hupita katika damu na kumfikia mtoto. Mwaka 1973, huko Seattle, Marekani, madaktari waliyapa madhara hayo jina. Mtoto anaweza kuzaliwa mdogo, ubongo umeumia, na baadaye masomo yakamshinda. Kasiksi, kanyanga, bia ya chupa: zote ni pombe. Hakuna kipimo kinachojulikana kuwa salama kwa mwenye mimba.

Lakini tumwangalie Eli. Alimwona Hana akichezesha midomo, akamkemea kama mlevi. Alipomsikiliza, akambariki. Hana hakuwa amelewa. Je, kama angekuwa mlevi kweli, tungemfungia mlango wa nyumba ya Mungu?

Hapa Goma wako mama walioanza kunywa kwa sababu ya vita, kukimbia na kufiwa. Mwingine anatafuta usingizi katika tramadoli. Akibeba mimba, tunamsengenya, anaondolewa kwaya. Basi anajificha, haendi CPN, anazalia nyumbani. Mtoto tunayesema tunamtetea ndiye anaumia.

Tufanye mambo matatu.

Kwanza, tusimwamuru aache ghafula peke yake, wala tusimfungishe siku tatu bila chakula. Anayekunywa sana kila siku akikata mara moja anaweza kutetemeka, hata kuanguka kama mwenye kifafa. Tumsindikize kwa muganga, au Tulizo Letu, kituo cha afya ya akili hapa mjini. Maombi yaende pamoja naye.

Pili, amwambie mkunga ukweli. Mtoto aliyezoeshwa tramadoli tumboni anaweza kuzaliwa akitetemeka na kulia sana. Si pepo, si uchawi. Anatibiwa, na anahitaji kifua cha mama yake.

Tatu, akina baba: Manoa aliomba malaika arudi awafundishe wote wawili. Chupa itoke nyumbani kwanza kwako.

Mama unayesikiliza, hujachelewa. Kila siku bila pombe inamsaidia mtoto wako.

Tuombe: Bwana, utupe masikio ya kusikiliza kabla ya mdomo wa kukemea. Uwalinde mama hawa na matunda ya matumbo yao. Katika jina la Yesu, amina.