Maji, Barabara na Zahanati kwa Wakimbizi na Wenyeji Wao

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wajumbe wa vyama vya msingi, Mkuu, Rombo)



Nimeombwa niseme machache juu ya ujenzi wa huduma za lazima mahali ambapo wakimbizi na wenyeji huishi pamoja. Huenda mjumbe akauliza: sisi wakulima wa kahawa wa Rombo, mambo ya Tabora na Kigoma yanatuhusu nini? Nitajibu, lakini kwanza nieleze yaliyotendeka katika nchi yetu wenyewe.

Mwaka 1972 watu wengi waliyakimbia mauaji ya Burundi wakaingia Tanzania. Serikali iliamua kuwapa ardhi, ili wasiishi kwa kungojea posho siku zote. Makazi ya Ulyankulu yalifunguliwa mwaka huo katika Mkoa wa Tabora, ya Katumba mwaka 1973, na ya Mishamo mwaka 1978. Haya mawili ya mwisho sasa yamo katika Mkoa wa Katavi. Kazi iligawanywa kwa pande tatu: Serikali ilitoa ardhi, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilitafuta fedha, na shirika la Kikristo la TCRS likasimamia ujenzi. Pori lilifyekwa, barabara zikakatwa, visima vikachimbwa, shule na zahanati zikasimama. Baada ya miaka kadhaa wakimbizi walijilisha wenyewe na kuuza ziada.

Hata hivyo, kazi hiyo njema ilikuwa na mafunzo machungu. Huko Ulyankulu watu walizidi uwezo wa maji na wa ardhi. Ikabidi maelfu wahamishiwe Mishamo. Fikirini, ndugu zangu, jamaa iliyokwisha kung'oa visiki na kujenga nyumba, ikaambiwa ifunge mizigo ikaanze upya. Maji hupimwa kabla ya viwanja kugawanywa, wala si baadaye.

Funzo la pili ni juu ya kukabidhi. Mishamo ilikabidhiwa kwa Serikali mwaka 1985. Kukabidhi ni jambo la heshima. Lakini huduma iliyozoea fedha za msaada, magari na mafundi wake, huweza kugeuka kwa siku moja kuwa mzigo wa wilaya yenye mfuko mdogo. Kisima chenye maji tele huweza kulala kwa kukosa kipuri kidogo, endapo hakuna aliyefundishwa kukifunga wala aliyeweka akiba ya kukinunua.

Funzo la tatu ni juu ya wenyeji. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo, na mwaka 2015 ikapokea Warundi wengi. Kambi kubwa namna hiyo huhitaji kuni, maji na njia, na vyote hivyo hutoka katika nchi ya jirani zake. Mwanakijiji akiona bomba upande wa pili, naye angali anachota bondeni, ukarimu wake utapungua, na hatuwezi kumlaumu. Ndiyo maana wenzetu wa Kenya, walipoanzisha makazi ya Kalobeyei huko Turkana, walikusudia tangu mwanzo kwamba mkimbizi na mwenyeji watumie shule zile zile na zahanati zile zile.

Sasa namjibu yule mjumbe. Sisi wa mlimani tunaijua siri ya jambo hili kuliko wataalamu wengi. Mifongo yetu ilidumu vizazi kwa vizazi kwa sababu ilikuwa na wenyewe. Kila nyumba ilijua siku yake ya msaragambo, kila shamba lilijua zamu yake, na aliyekwepa kazi alitozwa faini. Maji hayakutunzwa kwa huruma ya mtu wa mbali. Basi chama chochote kinachoombwa kuchangia mradi, uwe wa wakimbizi au wa kijiji chetu wenyewe, na kiulize mambo matatu: Je, chanzo cha maji kimepimwa? Je, jirani naye atachota? Je, mafundi wakishaondoka, ni nani atakayeshika funguo, daftari na akiba ya vipuri? Kama swali moja halina jibu, fedha za wanachama zingoje.

Na tusidanganyike na neno "muda". Mwaka 2014 wakimbizi wapatao 162,000 wa mwaka 1972, pamoja na watoto wao, walianza kupewa hati za uraia wa Tanzania. Visima walivyochimbiwa wageni vimekuwa visima vya raia. Aliyejenga kwa uthabiti aliijengea nchi yetu. Na aliyelipua kazi alituachia sisi deni.