Duka Likibaki Bila Mwenyewe



Tuchukue mfano wa duka la vifaa vya ujenzi lililosajiliwa kama jina la biashara la mzee mmoja. Kwa miaka mingi mwanawe wa kwanza ndiye anayefungua milango, anayepokea mzigo na anayesaini hundi kwa hati ya uwakilishi. Siku mzee anapofariki, nguvu ya hati hiyo inakoma. Benki ikiarifiwa msiba, huzuia fedha hadi mahakama iteue msimamizi wa mirathi. Wakati huo wauzaji wa jumla wanadai, kodi ya pango imefika, wafanyakazi wanangoja mishahara. Duka halijafilisika, limekosa mtu mwenye mamlaka ya kuliendesha.

Chanzo chake ni hiki: jina la biashara si mtu mbele ya sheria. Mali na madeni ya duka ni ya mwenyewe, navyo huingia katika mirathi pamoja na nyumba na shamba. Kampuni ina uhai wake. Mwanahisa akifariki, hisa zake ndizo zinazorithiwa, na wakurugenzi waliobaki huendelea na kazi.

Basi, mwenye biashara ya familia ayafanye mambo manne angali na afya njema.

Kwanza, aorodheshe mali, akaunti, wadai na wadaiwa, na amwonyeshe mtu anayemwamini orodha ilipo.

Pili, atafakari kusajili kampuni kupitia BRELA, na familia ikubaliane nani atamiliki hisa na nani ataongoza. Anayestahili kurithi si lazima awe ndiye anayeweza kuongoza.

Tatu, amkabidhi mrithi wa uongozi majukumu kidogo kidogo: manunuzi, hesabu, kisha mazungumzo na benki.

Nne, aandike wosia mbele ya mashahidi wasio warithi. RITA hupokea wosia na kuutunza. Muislamu akumbuke kwamba wosia wake kwa wasio warithi hauvuki theluthi moja ya mali.

Wako wanaoona kwamba kuyazungumza haya ni kujitabiria kifo. Lakini ugomvi wa ndugu baada ya arobaini huwa mgumu kuliko mazungumzo ya leo.

Mkirudi dukani, kitazameni cheti cha usajili kilichotundikwa ukutani. Someni jina la mwenye biashara, kisha mjiulize: huyu asipokuwapo kesho, nani ataruhusiwa kusaini?