Juu ya Foto Zetu Mbaya
(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano mkuu)



Mutunza sanduku aliniuliza mbele ya watu: kwa nini aparei mbili za shirika zinapiga foto nyingi vile kila Jumamosi, na hakuna hata moja inayouzwa? Ni ulizo la haki. Nitajibu.

Mimi nilijifunza kazi hii kambini Nyarugusu, kwa fundi mmoja, wakati wa filme. Filme moja ilikuwa na foto 36, na kila uliyoharibu ilikatwa kwenye malipo yako. Basi nilijifunza woga. Mtu asimame wima, mikono chini, jua nyuma yangu, pa! Miaka mingi nilipiga foto ileile moja, nikabadilisha watu tu.

Tuliporudi huku Baraka, tukaanza foto ndogo za makaratasi. Ukuta mweupe, mtu mweusi: sura inatoka kama makaa. Kuna mama mmoja alirudishwa ofisini mara mbili juu ya foto yangu, na kila mara alilipa pikipiki toka kijijini. Franga za foto nilimrudishia. Siku zake mbili za shamba, apana, sikuwa na namna.

Dawa haikutoka kwangu. Vijana walikuwa wanacheza mchezo wao: nani ataleta foto mbaya kuliko zote? Wakamsimamisha mwenzao mbele ya ukuta, kisha mbele ya mlango wa nyumba yenye giza. Pale mlangoni sura ikatoka nyeupe kupita kiasi! Mtu yuleyule, saa ileile. Binti mmoja akasema: basi aparei inadanganywa na kile kilicho nyuma.

Ni kweli. Aparei haijui sura ya mtu. Inapima mwangaza wote inaouona na kuutafutia katikati. Ikikuta ukuta mweupe mwingi, inafikiri mwangaza umezidi, inaupunguza, na sura inaingia gizani. Kuna kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa. Unaongeza kidogo, sura inarudi. Kitufe hicho nilikuwa nacho siku zote. Sikukigusa, niliogopa kuharibu.

Wakaendelea. Walileta bati ili lirudishe jua usoni. Mtu akafumba macho, machozi yakamtoka. Tulicheka sana. Wakajaribu shuka nyeupe, na hiyo ndiyo tunatumia mpaka leo. Walipiga pia mitumbwi ziwani jioni, aparei ikafunguka polepole, mitumbwi ikatoka kama moshi. Ile iko ukutani kwenye biro yetu. Wageni wanaisifu, mimi, kusema ukweli, bado naona ni foto iliyoharibika.

Kwa hiyo, mutunza sanduku: siku hizi foto mbaya haili filme, inakula moto wa batri na nafasi kwenye kadi. Naomba Jumamosi ibaki, na foto mbaya zisifutwe mpaka tuzitazame wote pamoja. Naomba pia batri moja ya akiba, maana umeme munaujua.

Yule mama alikuja tena wiki iliyopita, na mtoto wake. Nilimpa binti aparei, mimi nikashika shuka. Karatasi ziko ofisini, tunangojea jibu.