Tabora, Mji wa Gari la Moshi
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Zagayu)



Mmenitaka niwaeleze niliyoyaona Tabora, nami nawashukuru kwa heshima hiyo. Habari za safari nitaziacha. Nitanena juu ya mji na kazi iliyoukuza.

Wajerumani walianza kutandika reli kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Morogoro mwaka 1907, Tabora 1912 na Kigoma 1914, mwendo wa kilomita 1,250 hivi. Lakini njia hiyo haikubuniwa na wahandisi peke yao. Kwa sehemu kubwa yafuata njia ya misafara, iliyokanyagwa na wapagazi wa Kinyamwezi na Kisukuma waliochukua pembe mabegani hata pwani.

Mwaka 1928, katika utawala wa Waingereza, reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza. Jambo hili latuhusu sisi hasa, maana kwa stesheni kama Malampaka, huko Maswa, pamba ya Usukuma ilipata mlango wa kutokea.

Nilipoitazama stesheni ya Tabora niliona jengo la Wajerumani lingali limesimama, ila majina ya waliobeba mawe na mataruma sikuyaona. Swindon, katika Uingereza, ulikuwa mji wa namna hiyo. Karakana zake zilifunguliwa mwaka 1843, zikafungwa 1986, na mwaka 2000 makumbusho yakafunguliwa humo ili kazi ya mafundi isisahauliwe. Nairobi nayo ina makumbusho ya reli tangu mwaka 1971.

Pengine mtu atauliza: reli ililetwa kwa faida ya wageni, mbona tuitunzie kumbukumbu? Ni kweli ililetwa hivyo, lakini mikono ilikuwa yetu. Tena Septemba 1947 mgomo wa makuli wa bandari ya Dar es Salaam ulienea kwa watumishi wa reli hata bara. Njia iliyochukua pamba ilichukua na madai ya haki.

Kwa hiyo naleta shauri moja. Chama cha kwanza cha Waafrika watumishi wa Serikali katika Tanganyika kilianzishwa Tanga mwaka 1922 na watu wa kalamu, kina Martin Kayamba. Sisi nasi ni watu wa kalamu. Kila mwanachama amwendee mzee mmoja aliyefanya kazi ya reli, au mwanawe, aandike jina, kijiji, kazi na mwaka. Yafaa tuanzie Malampaka, iliyo karibu, na daftari hilo lisomwe katika mkutano ujao.