Yule Anayetupikia



Yapata miaka 500 kabla ya Kristo, huko Uchina, Zigong alimwuliza mwalimu wake Confucius kama liko neno moja la kumwongoza mtu maisha yake yote. Akafundishwa asimtendee mwenzake lile asilopenda kutendewa. Hillel, mwalimu wa Wayahudi, alimjibu vivyo hivyo mgeni aliyetaka kufundishwa Torati yote akiwa amesimama kwa mguu mmoja. Bwana wetu, katika Injili ya Mathayo sura ya 7, alituagiza tuwatendee wengine mema tunayoyatamani sisi. Nao Waislamu wamepokea kwa Mtume wao kwamba imani ya mtu haijatimia mpaka amtakie nduguye analojitakia mwenyewe.

Basi hatuwezi kusema hatukuambiwa. Lililobaki ni kutenda, na mahali pa kuanzia ni jikoni mwetu. Yule binti anayetupikia, leo Jumapili atakula pamoja nasi, au atangoja makombo? Mshahara wake wa mwezi uliopita tumemlipa? Akiugua, twampeleka hospitali, au twamfungia mzigo arudi kwao? Je, tungeridhika mtoto wetu atendewe hivyo katika nyumba ya watu?

Jirani zetu wa dini nyingine hawazisikii sala zetu za chumbani; humwona binti huyu kisimani. Uso wake ndio mahubiri yetu kwao.

Bwana atujalie moyo wa haki. Amina.