Sungura na Ubao wa Kupandia Bandani

Msikilizaji, sungura wako akigoma kupanda ubao wa kuingilia bandani, usimsukume, na masikio usiyaguse. Mara nyingi si ukaidi. Nyayo zake zimejaa manyoya, hazina ngozi tupu ya kushikilia kama za paka, kwa hiyo ubao uliopigwa randa humtelezesha. Pigilia vijiti vya kukanyagia, au tandika gunia ulikaze vizuri, na mteremko usiwe mkali. Kisha weka majani ya giligilani mwanzoni mwa ubao. Kesho yake yasogeze juu kidogo. Jaribu alfajiri au jioni, ndipo sungura huchangamka. Ukimbeba akafurukuta mikononi mwako, anaweza kuvunjika uti wa mgongo, basi mwache apande mwenyewe, hata ikichukua wiki nzima.